Sera za Jumuiya hupikwa wapi? Jibu kwa mfanyabiashara wa Namanga

"Shikamoo mwalimu. Mimi nanunua mahindi Kibaigwa na mchele Kahama, nauza Namanga, na nikipata mteja mzuri navuka. Kila mwaka nasikia marais wamekubaliana, mawaziri wameafikiana, Bunge la Arusha limepitisha. Nikifika mpakani naambiwa waraka haujafika, au cheti nilichobeba hakitambuliki. Naomba unieleze bila kunizungusha: sera za Jumuiya ya Afrika Mashariki nani hasa anazitunga, na mtu wa magunia ishirini kama mimi anaingilia wapi?"

Marahaba, dada. Umeomba nisikuzungushe, basi naanza na jibu lenyewe. Sera za Jumuiya hutungwa na serikali za nchi wanachama kupitia mawaziri wao, na mpaka wote wakubaliane. Arusha ndipo serikali hizo zinapokutana na makubaliano yao yanapoandikwa na kutunzwa. Kwa hiyo jambo linalokugusa wewe, kwa sehemu kubwa, huwa limeshaamuliwa Dodoma, Nairobi au Kampala kabla waziri hajafunga begi lake. Nitarudia hoja hii kila ninapogeuka, kwa sababu wafanyabiashara wengi hupoteza miaka wakibisha hodi kwenye mlango usio na funguo.

Ili uelewe kwa nini iko hivyo, kumbuka kwamba hii ni Jumuiya ya pili. Ile ya kwanza iliundwa 1967 ikavunjika 1977. Waliokaa kuandika Mkataba mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000, walikuwa bado wanaliona kaburi la ile ya kwanza. Kwenye utangulizi wa Mkataba wakaandika sababu za kifo chake: utashi hafifu wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, na faida kutogawanyika sawa baina ya nchi. Sababu ya pili naomba uishike. Watu kama wewe kuwekwa pembeni kumetajwa na Mkataba wenyewe kuwa miongoni mwa mambo yaliyoiua Jumuiya. Hoja yako basi ina mizizi kwenye Mkataba, wala mtu asikwambie unaomba fadhila.

Zilianza nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Leo ni nane, na hakuna hata moja iliyokubali kuwa na mkubwa juu yake. Ukilielewa hilo, vyombo vyote vinavyofuata vinaeleweka.

Juu kabisa wapo Wakuu wa Nchi, ambao Mkutano wao hufanyika angalau mara moja kwa mwaka na kutoa mwelekeo. Wao ndio unaowaona kwenye taarifa ya habari wakipiga picha. Lakini moyo wa utungaji sera ni Baraza la Mawaziri. Mkataba unalipa Baraza mamlaka ya kutunga kanuni, kutoa maelekezo na kufanya maamuzi yanayozifunga nchi wanachama. Mawaziri wa sekta moja, kwa mfano wa biashara, viwanda, fedha na uwekezaji, hukaa kama Baraza la Kisekta, na uamuzi wao una nguvu sawa na wa Baraza lenyewe. Hapo ndipo mahindi yako yanapojadiliwa.

Sasa nikupeleke ndani ya ukumbi. Kikao cha namna hii kwa kawaida huenda kwa ngazi tatu ndani ya wiki moja. Kwanza hukaa wataalamu: maofisa wa wizara, watu wa forodha, watu wa viwango, wanasheria. Kisha makatibu wakuu wa wizara. Mwisho mawaziri, mara nyingi kwa siku moja tu. Mimi nimekaa kwenye ngazi hiyo ya kwanza, nyuma ya kibao chenye jina la nchi, na nakuhakikishia kwamba sehemu kubwa kabisa ya ripoti inayosomwa na waziri siku ya mwisho imeandikwa na wale wataalamu siku ya kwanza na ya pili, neno kwa neno, saa nyingine mpaka saa nne usiku. Waziri hufungua yale machache yaliyoshindikana chini. Na yule mtaalamu haji mikono mitupu. Anakuja na msimamo wa nchi, karatasi iliyojadiliwa nyumbani baina ya wizara. Akiulizwa jambo ambalo msimamo haujaligusa, husema, "Nchi yangu inaomba muda wa kushauriana." Sentensi hiyo moja hupeleka jambo mbele miezi sita.

Inaweza kufanya hivyo kwa sababu ya kanuni ya makubaliano ya wote. Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, na Baraza la Mawaziri vilevile kwa mambo mengi. Kwa mambo hayo hakuna kupiga kura kwamba watano wamewashinda watatu. Nchi moja ikigoma, jambo linalala. Mwaka 2009 Mahakama ya Jumuiya ilitoa maoni ya ushauri kuhusu suala hili. Ilisema maafikiano hayana maana ya kila mmoja kufanya jambo lilelile kwa wakati uleule. Mkataba unaruhusu wanaotaka kutangulia watangulie, wengine wafuate wakiwa tayari. Ndivyo Kenya, Uganda na Rwanda zilivyoanza kutumia viza moja ya utalii na kuruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa mwaka 2014, wakati wengine hatukuwamo. Wakati ule wengi hapa kwetu waliona tumetengwa. Mimi naona ilikuwa afya: nchi tatu zilijaribu, wengine tukaangalia.

Linganisha na Umoja wa Ulaya, maana watu hupenda kusema tumeunakili. Kule Kamisheni ya Brussels ndiyo yenye haki ya kupeleka rasimu za sheria, Bunge linalochaguliwa na wananchi moja kwa moja linatunga sheria pamoja na Baraza la mawaziri, na kwa mambo mengi Baraza hupiga kura: zikiunga mkono nchi asilimia 55 zenye watu asilimia 65, jambo linapita hata kama waliobaki wamenuna. Nchi ikikaidi, Kamisheni inaishtaki. Sekretarieti yetu ya Arusha haina meno hayo. Katibu Mkuu akiona nchi imevunja Mkataba, anaiandikia na kusubiri majibu kwa miezi minne. Asiporidhika hulipeleka jambo kwa Baraza la Mawaziri, nalo ndilo humwelekeza aende mahakamani au asiende. Na Baraza ni nani? Ni mawaziri wa nchi zilezile, pamoja na waziri wa nchi inayolalamikiwa, ambao huamua kwa maafikiano. Usishangae basi kwamba Katibu Mkuu hajajenga desturi ya kuzishtaki serikali.

Umelitaja Bunge. Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi. Hawachaguliwi na wewe wala mimi. Wanachaguliwa na mabunge ya nchi zetu, na hawaruhusiwi kuwa wabunge wa mabunge hayo. Mbunge yeyote anaweza kupeleka muswada binafsi, isipokuwa ule unaotwisha mfuko wa Jumuiya mzigo wa fedha. Muswada ukipita, bado si sheria. Lazima kila Mkuu wa Nchi aweke saini yake. Usiposainiwa wote ndani ya miezi mitatu, hurudishwa bungeni ukiwa na sababu. Bunge likiurudisha tena na Mkuu mmoja akakataa mara ya pili, muswada unakufa. Kalamu moja kati ya nane inatosha.

Waulize wenye malori kuhusu Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, ile inayosema lori na mzigo wake visizidi tani 56. Bunge liliupitisha muswada mwaka 2013. Sheria yenyewe inaitwa ya mwaka 2016. Madereva wa hapa kwetu walianza kuisikia kwenye mizani mwaka 2019. Miaka sita kutoka mikono ya wabunge hadi kwenye mizani, kwa jambo ambalo kila mtu alikubali kwamba barabara zinaharibika. Unapoambiwa na ofisa wa mpakani kwamba waraka haujafika, mara nyingi hakudanganyi. Uamuzi uko njiani kati ya Arusha na meza yake: haujatangazwa kwenye gazeti la serikali, au sheria ya nchi haijarekebishwa, au kamishna wake hajatoa mwongozo. Mkataba unasema sheria za Jumuiya ziko juu ya zile za nchi kwa mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba. Lakini ofisa hafungui Mkataba saa kumi na mbili asubuhi foleni ikiwa kilomita mbili. Anafungua maelekezo ya bosi wake.

Nikupe mkasa mmoja unaoonyesha safari nzima ya sera, maana unagusa soko ambalo unalipita kila siku: mitumba. Mwanzoni mwa Machi 2016, Wakuu wa Nchi walielekeza kwamba nguo na viatu vilivyotumika viachwe kuingizwa ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo na ngozi vya ukanda huu vipumue. Uamuzi wa ngazi ya juu kabisa, kwa maafikiano. Lakini aliyetakiwa kuutekeleza ni kila waziri wa fedha kwenye bajeti yake. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa nguo zilizotumika nchini Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA uliokuwa unaruhusu bidhaa zetu kuingia kule bila ushuru. Kenya, iliyokuwa inauza nguo nyingi kupitia mpango huo, ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kunufaika na AGOA.

Uamuzi ule haukufutwa kwa kupiga kura Arusha. Uliyeyuka nyumbani, wizara moja baada ya nyingine, kwa sababu kila nchi ilikuwa na hesabu yake na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mwenzake asimame pale walipokubaliana. Inaniuma, na nasema hivi nikiwa najua fika kwamba mitumba inalisha mamilioni ya familia. Kama uamuzi ulikuwa mbaya, wangeufuta waziwazi wananchi wakajua. Sera isiyofutwa wala kutekelezwa ndiyo inayomweka mfanyabiashara njia panda.

Sasa tuje kwenye mahindi. Mapema Machi 2021 mamlaka moja ya serikali ya Kenya iliiandikia forodha isimamishe mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, na moja lilikuwa kwamba shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Watu walipiga kelele kwamba Kenya imebuni kiwango. Haikubuni. Kumi kwa bilioni ndicho kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, nasi tulikikubali kwenye meza moja, watu wa mashirika ya viwango, TBS la Tanzania, KEBS la Kenya na wenzao wa Uganda, kikapanda kamati ya viwango hadi kwa mawaziri.

Basi ugomvi ulikuwa juu ya nini? Ulikuwa juu ya maabara. Nani amepima, kwa njia gani, na je, karatasi ya mpimaji wa upande huu inaaminika upande ule? Sheria ya Jumuiya ya 2006 kuhusu viwango na upimaji ilijengwa ili bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja ikubalike kwa nyingine. Hilo linafanya kazi kwa unga uliofungashwa kiwandani wenye alama ya TBS kwenye mfuko. Gunia la Kibaigwa halina alama. Lina vumbi, kamba, na neno lako. Sera iliandikwa ikimfikiria mwenye kiwanda, ikamsahau mwenye gunia. Mimi naona kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote kwenye jambo lako, na halikufanywa kwa ubaya. Wakati wataalamu wanaandika, hapakuwa na mtu wa magunia ishirini wa kuinua mkono na kuuliza, "Na mimi je?"

Angalia pia mgogoro ule ulitulizwaje. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akakutana na Rais Uhuru Kenyatta, mawaziri wa pande mbili wakaagizwa waketi waondoe vikwazo. Njia ilifunguliwa na miji mikuu miwili kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Mashine ya Arusha ilikuwepo, lakini aliyekuwa na kiu hakuweza kuisubiri.

Kwa upande wa mchele, kuna jambo linalokugusa ambalo huenda hujaambiwa. Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja: sifuri, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa kundi la nne. Juu ya hapo kuna bidhaa nyeti zenye viwango vyake: mahindi asilimia 50, mchele 75, sukari 100. Lakini kila mwaka nchi huomba ruhusa ya kutoutumia ushuru huo kwa muda kwa bidhaa fulani, kwa mfano iingize mchele wa Asia kwa ushuru mdogo kwa sababu ya upungufu. Mchele ulioingia kwa nafuu hiyo unatakiwa uliwe humohumo ndani. Ukivuka kwenda nchi mwenzake unadaiwa ushuru kamili. Sasa jiweke kwenye kiti cha ofisa wa upande wa pili. Anaona mchele unatoka Tanzania. Ni wa Kahama au wa Pakistani uliobadilishwa gunia? Ndiyo maana anakudai cheti cha uasili kwa ukali, hata kama wewe umetoka nao shambani. Msamaha ulioombwa na wizara moja kwa nia njema unaenda kumuumiza mkulima wa ndani na mfanyabiashara wa mpakani ambao hawakuulizwa.

Misamaha hiyo ina kalenda, nayo ni muhimu kwako kuliko hotuba zote. Miezi ya mwisho ya mwaka wizara ya fedha hukaribisha mapendekezo ya kodi na tozo. Baada ya mwaka mpya wataalamu huyachambua. Kufikia Mei mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kuafikiana nani kaomba nini. Katikati ya Juni bajeti husomwa bungeni. Mwisho wa Juni hutoka Gazeti la Jumuiya lenye orodha ya misamaha yote, nchi kwa nchi, na tarehe 1 Julai inaanza kutumika. Wewe husikia jambo Julai. Mwenye kiwanda kikubwa aliliandika Novemba. Hapo ndipo ninyi wawili mnapotofautiana, na wala haihitaji kuwaza rushwa.

Sasa wewe unaingilia wapi? Kwanza kabla ya uamuzi, na ni nyumbani. Peleka hoja kwa maandishi wizara ya biashara, ya kilimo na ya fedha, ukipitia chama chenu cha wafanyabiashara au chemba ya mkoa, na nakala iende wizara inayosimamia ushirikiano wa Afrika Mashariki. (Kama una wenzako wa Zanzibar, wakumbushe kwamba kilimo si jambo la Muungano, ingawa biashara ya nje ni ya Muungano. Waanze na wizara za Zanzibar, lakini msimamo unaofika Arusha ni mmoja wa Tanzania, kwa hiyo wahakikishe umeingizwa humo.) Magunia ishirini hayasikiki, wanawake mia mbili wa Namanga wenye magunia ishirini kila mmoja wanasikika sana. Na usiandike kwamba mnaonewa. Andikeni tarehe, lori, cheti kilichokataliwa, sababu iliyotolewa, siku mlizolala mpakani na hasara mliyopata. Mtaalamu anayeandaa msimamo wa nchi ana njaa ya takwimu za namna hiyo. Nimewahi kuona karatasi moja ya kurasa mbili kutoka kwa wauza ndizi ikaingia kwenye ripoti karibu kama ilivyo, kwa sababu tu ndiyo pekee iliyokuwa na namba.

Kwa mzigo mdogo, hakikisha unatumia utaratibu rahisi wa biashara: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kwa shehena huvuka na cheti rahisi cha uasili kinachojazwa hapohapo mpakani, na ushuru wa forodha haulipwi. Lakini cheti hicho ni cha ushuru tu. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, wala vipimo vya chakula, na wengi huumia hapo wakidhani kimemaliza kila kitu.

Uamuzi ukishakuwepo na mtu anaukaidi, kuna njia ya vikwazo visivyo vya kiushuru. Kila nchi ina kamati ya taifa ya kuvifuatilia, na malalamiko yanaweza kutumwa hata kwa simu kupitia mfumo wa mtandaoni. Yakiingia, nchi inayolalamikiwa inatakiwa kujibu kwa maandishi. Ni njia ya polepole, lakini kikwazo kilichoandikwa hupanda hadi kwenye ajenda ya mawaziri. Kilichonung'unikiwa pale kantini hakipandi.

Halafu kuna Mahakama, ambayo watu wanaisahau. Raia au kampuni yoyote iliyo ndani ya Jumuiya inaweza kuishtaki serikali kwenye Mahakama ya Jumuiya, Arusha, kwamba sheria au kitendo chake kinavunja Mkataba. Huhitaji kwanza kumaliza mahakama za nyumbani. Mwaka 2014, kwa kesi iliyofunguliwa na shirika lisilo la kiserikali linalotetea wanyama, Mahakama hiyo iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza Serengeti. Mwaka 2006 ilisimama na wabunge dhidi ya Baraza la Mawaziri lililokuwa limeondoa miswada yao, ikasema Baraza halina nafasi kwenye eneo la Bunge. Na mwaka huohuo ilipozuia wabunge wa Kenya wasiapishwe kwa sababu ya namna walivyochaguliwa, serikali zilikasirika mpaka zikaurekebisha Mkataba harakaharaka, zikaigawa Mahakama ngazi mbili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Mahakama ikaja kusema marekebisho yale, yaliyofanywa bila kuwashirikisha wananchi, yalikiuka Mkataba, ingawa haikuyafuta. Ile ni hukumu ninayoipenda, kwa sababu ilisema kwa lugha ya sheria unachosema wewe kwa lugha ya soko: huwezi kubadilisha mambo ya watu bila kuwauliza.

Tahadhari moja tu. Una miezi miwili, tangu kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Mahakama ni kali juu ya hilo. Mwaka 2012 ngazi yake ya rufaa ilikataa hoja kwamba kosa linaloendelea kila siku huanzisha miezi miwili mipya kila siku. Basi ukinyimwa njia kwa waraka fulani, piga picha waraka, andika tarehe, na umwone wakili mapema.

Kuna kizuizi kingine, nacho kinanigusa mimi kama mwalimu. Ripoti hizi zote, rasimu, jedwali la misamaha, Gazeti la Jumuiya, zimeandikwa kwa Kiingereza. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliagiza Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya, na tunayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pale Zanzibar. Lakini mpaka rasimu ya kiwango cha mahindi ikufikie kwa Kiswahili wakati bado ni rasimu, wewe utaendelea kusikia sera zikiwa zimeshaiva. Liwekeni hili kwenye barua yenu. Ombeni rasimu zinazohusu nafaka ziletwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya forodha Namanga na kwenye chama chenu siku zinapotangazwa kwa maoni.

Nikwambie basi ningeanzia wapi ningekuwa wewe. Ningekusanya wenzangu wa Namanga na Holili, tukaandika kurasa mbili kuhusu jambo moja tu: vipimo vya sumukuvu vilivyofanywa Tanzania na maabara inayotambulika vikubalike upande wa pili bila kupimwa upya, na kiwepo kifaa cha kupimia palepale kituo cha pamoja cha mpakani, kwa ada ambayo mwenye magunia ishirini anaiweza. Jambo hilo halihitaji itifaki mpya wala saini za marais wanane. Linahitaji TBS na KEBS kukubaliana na mawaziri wawili kuidhinisha. Barua ifike Dodoma kabla ya Desemba, na nakala mpeleke wenyewe kwa mkono kwa mmoja wa wale wabunge tisa wa Tanzania Arusha, mumwombe aliulize swali hilo bungeni kwa jina la soko lenu.